Salamu Kurasa Mbili, Jokofu Mstari Mmoja

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu, nimesimama hapa kwa niaba ya familia, mimi ni mdogo wake wa mwisho, na nimepewa dakika kumi za kueleza maisha ya mtu ambaye yeye mwenyewe, ukimpa dakika kumi, alikuwa hajamaliza hata kukujulia hali. Nawaomba mnivumilie, na atakayejisikia kucheka acheke, maana ndivyo alivyoagiza, na mnajua dada hakuwa mtu wa kubishiwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii hii, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu baba, aliyekuwa karani wa posta, na marehemu mama, aliyekuwa fundi cherehani. Baba alikuwa na sheria moja, kwamba mtoto wake hatoi habari yoyote kabla hajasalimia na kuuliza hali ya kila aliyemo, na tarehe 2 Agosti 1969, jiko liliposhika moto, dada aliingia sebuleni, akamwamkia baba, akawaamkia wageni wawili waliokuwapo, akawaulizia na watoto wao, ndipo akasema kwa adabu zote kwamba baba, jikoni kunaungua. Alama ya moshi ipo ukutani hadi leo, asiyeamini apite akaione.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi 1980, na Septemba 1982 akapata ufadhili wa kwenda ng'ambo kusomea ufundi wa maabara ya hospitali, jambo ambalo baba alilitangaza kwenye foleni ya posta mpaka wanunuzi wa stempu wakawa wanajua tarehe atakayorudi na cheti. Barua zake za mwaka wa kwanza zilituvunja mbavu, maana alikuwa anamsalimia kila aliyeingia kwenye lifti ya chuo, anamuuliza ameamkaje na mzazi wake anaendeleaje, mpaka watu wakawa wanashuka ghorofa zisizo zao.

Januari 1985, akiwa mwaka wa tatu, alipelekwa kufanya mazoezi ya kazi katika maabara ya hospitali kubwa, chini ya msimamizi ambaye wanafunzi walimwita Mama Saa, kwa sababu kila kitu alikifanya huku akitazama saa ya ukutani. Hapo palikuwa na kitabu cha makabidhiano, ambamo anayemaliza zamu anamwandikia anayeingia yale anayopaswa kuyajua, na alasiri ya Alhamisi, tarehe 7 Februari, dada aliona jokofu namba tatu halipoi vizuri, na humo mlikuwa na damu za wagonjwa arobaini na mmoja zikisubiri kupimwa. Akaandika. Alianza kwa kumwamkia Mama Saa, akamshukuru kwa mafunzo ya jana yake, akaulizia mguu wa mumewe, akaomba radhi kwa kumsumbua, akapongeza na hali ya hewa, ambayo kusema kweli ilikuwa mbaya, na mwisho wa ukurasa wa pili, mstari wa chini kabisa, akataja jokofu. Mama Saa akasoma mistari mitatu, akaona ni salamu tu, akafunga kitabu.

Jamani, damu yote iliharibika! Kesho yake dada aliitwa, akaambiwa Jumatatu atafika mbele ya kamati ya nidhamu, na kwamba ajiandae kurudi kwao bila cheti, na alituandikia baadaye kwamba siku hiyo hakulilia baridi wala upweke, alilia kwa kumfikiria baba pale dirishani posta, atawaambia nini watu. Alipomaliza kulia aliomba jambo moja, kwamba aruhusiwe kwenda mwenyewe kwa kila mgonjwa, aombe radhi na kumtoa damu upya, na Mama Saa akakubali, ila akafuatana naye ili asije akaharibu tena.

Wagonjwa walikuwa wamefura kwa hasira, na mzee mmoja aliyewahi kuwa dereva wa treni alikuwa ameapa kwamba sindano nyingine haimgusi. Dada hakumwonyesha sindano, alivuta kiti, akamsalimia, akamuuliza alilalaje, nani anamletea chakula, na nani amebaki na mbwa wake, na yule mzee, ambaye kwa siku tisa alikuwa ameulizwa kuhusu mkojo wake tu, akaanza kueleza, na alipomaliza kueleza akakunja mkono wa shati mwenyewe. Hadi jioni wote arobaini na mmoja walikuwa wametoa damu, na Mama Saa alisimama pembeni kutwa nzima bila kutazama saa.

Jumatatu, tarehe 11 Februari, Mama Saa aliiambia kamati kwamba mwanafunzi huyu ana kosa kubwa, na kwamba yeye pia analo, kwani alipewa kurasa mbili akasoma mistari mitatu. Dada akaachiwa amalize masomo, na kitabu cha makabidhiano kikachapwa upya, kila ukurasa ukiwa na visanduku viwili, cha juu kimeandikwa La Muhimu, cha chini Salamu, na vyote ni lazima kujazwa. Alirudi nyumbani Julai 1985 na cheti chake, baba akakitundika posta wiki nzima, hadi bosi wake alipomwomba akishushe.

Alifanya kazi katika hospitali yetu ya mkoa tangu tarehe 1 Oktoba 1985 hadi alipostaafu mwaka 2021 akiwa mkuu wa maabara, na vile visanduku viwili, alivyokuja navyo kutoka ng'ambo, bado vipo pale. Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu, ambaye ni fundi majokofu, na msinitazame hivyo, dada mwenyewe alisema amechoka kubahatisha. Walijaliwa watoto watatu, wa mwaka 1988, 1991 na 1995, na wajukuu wanne, wote wanasalimia vizuri mno, ukiwapigia simu andaa chaji.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Oktoba 2023 dada aliniletea ujumbe mrefu kwenye simu, maana alishikilia kwamba vile visanduku ni vya kazini, nyumbani ni salamu kwanza, nami nikiwa na haraka zangu nikasoma hapo juu tu alipoulizia magoti yangu na mbuzi wangu, nikajibu kwamba sisi wazima, nawe je? Mke wangu ndiye aliyeusoma hadi mwisho, siku tatu baadaye, akakuta imeandikwa kwamba moyo wake umetanuka na amelazwa. Nilifika wodini nimejikunja kwa aibu, naye akacheka mpaka muuguzi akaja kumtuliza, akasema na mimi nastahili kamati ya nidhamu, kisha akanishika mkono na kuniahidi kwamba siku ya kuondoka ataniandikia kama barua ya kazi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia miezi minane, majirani ambao hawakuacha mlango wake ufungwe, na wafanyakazi wenzake wa maabara. Shukrani za pekee ziende kwa Mama Saa, ambaye sasa ni bibi kizee, ameleta barua ya kurasa tatu, ametuulizia sote mmoja mmoja, hadi magoti yangu, na pole ya msiba ameiweka mwisho kabisa. Safari hii nilisoma yote.

Dada alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, na asubuhi ya siku hiyo simu yangu iliita, nikakuta mistari miwili. La muhimu: leo sidhani kama nitafika jioni. Salamu: tutapeana ukija.

Nami namjibu mbele yenu. La muhimu: pumzika kwa amani, dada yangu. Salamu: nitakuja nazo zote, ila usinisubiri mlangoni, safari hii sina haraka.