Sweta ya Kukamulia

Kwenye basi kutoka mtaa wa Najma, katika viti vya mbele yangu, mhudumu wa hoteli aliyejitambulisha kama Salum wa Tanga alikuwa akivisifu vyuo vya Marekani vyenye matawi hapa Doha. "Jina la chuo likiwa kifuani, dada, milango inafunguka yenyewe."

"Naifungua mimi," alijibu jirani yake, Mkenya mwenye sare ya ulinzi. "Niko geti la chuo kimojawapo. Baba alikuwa na sweta yao ya mtumba. Aliivaa kila akienda kukamua, nasi tukaiita sweta ya kukamulia. Siku ya kwanza kazini nikaona kijana ameivaa, nikamsalimu kwa Kinandi, kama mtu wa kwetu."

"Akaitikia?"

"Akatoa kitambulisho."

Salum hakucheka. "Sweta ya hawa wanafunzi imesomewa, dada. Ya mzee ilinunuliwa sokoni."

Nilifunga zipu ya jaketi langu, maana fulana yangu yenye jina la chuo nayo ilikuwa ya sokoni.

"Ya mzee ilinisomesha," alisema dada. "Karo yangu ilitoka kwa maziwa. Mpaka leo wakipita wameivaa, nasikia harufu ya zizi letu."

Basi likasimama. Alishuka, Salum bado akimwambia kwamba jina ni jina.