Patroba Anzetse Lubanga, Aliyewahesabia Wadakaji Waliosahauliwa

Wapendwa ndugu, marafiki na majirani, familia imeniomba mimi Kiplagat, kaka wa mjane wake, niwasomee maisha ya shemeji yangu Patroba, na kwa kuwa yeye hakuamini habari isiyo na tarehe, nitazitaja zote.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1956 huko Butere, magharibi mwa Kenya, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Lubanga na marehemu Mama Robai, akasoma shule ya msingi hapo hapo, sekondari akaenda Kakamega, akafundisha hisabati miaka mitano, na Agosti 1985 akaja Arlington, Texas, kusomea takwimu. Tarehe 10 Desemba 1988 alifunga ndoa na dada yangu Loice, muuguzi, wakakaa Euless, na Mungu akawajalia Cherotich mwaka 1990 na Anzetse mwaka 1993.

Alianza kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege, na huko mwenzake Godefroid, Mkongomani mpenzi wa futiboli ya Kimarekani, akamfundisha mchezo huo, ambao Patroba hakuwahi kuucheza hata siku moja. Kilichomsumbua ni kwamba mdakaji, yule anayekimbia mbele kuupokea mpira unaorushwa, alisifiwa kwa jumla ya yadi alizopata, yaani umbali aliousogeza mpira mbele, na hakuna aliyeuliza amerushiwa mara ngapi.

Mwaka 1997 akapata mkataba katika ofisi ndogo ya Irving iliyoziandikia timu za kulipwa ripoti za wachezaji wa vyuo, na msimu wa 1998 akamwona kwenye kanda za video Brandon Pruitt, wa chuo kidogo ambacho karibu kila mara kilikimbia na mpira badala ya kuurusha. Alihesabu mpira mmoja mmoja, akakuta Brandon amerushiwa mara 44 tu, amedaka 33 na kupata yadi 616, yaani yadi kumi na nne kwa kila mpira, wakati wadakaji wenye majina walirushiwa mara mia moja na hamsini na kupata yadi saba na nusu. Akaziondoa mechi za wapinzani dhaifu, asije akajidanganya, bado zikabaki yadi kumi na mbili.

Mkuu wake alimwambia kwamba hata chuoni kwao kijana huyo hawamtegemei. Patroba akamjibu kwa upole, “Hawamtegemei kwa sababu hawajamhesabu, mkuu. Mimi nimemhesabu.” Akaitia sahihi ripoti hiyo kwa jina lake peke yake.

Aprili 1999 timu za kulipwa zilichagua wachezaji wapya kutoka vyuoni, Brandon hakuitwa, na Mei mkataba wa Patroba haukuongezwa, akarudi kwenye mizigo bila kunung'unika, ingawa Loice anasema alipoteza usingizi, si kwa ajili ya kazi, bali kwa kuhofia amempa kijana wa watu matumaini ya bure. Lakini timu moja ilikuwa imeisoma ripoti ile, ikamwita Brandon kwenye majaribio ya Julai, akapita, akacheza misimu sita. Novemba ya mwaka huo huo wa 1999 alikuja Euless akiendesha gari mwenyewe, akamwambia Patroba mlangoni, “Nilikuwa nimeshaomba kazi ya bohari. Wewe ndiye pekee uliyeniona.”

Ofisi ilimwita tena Patroba Januari 2000. Alipendekeza wengine wanane waliopuuzwa, watano wakashindwa, naye hakuwaficha hao watano, aliwaandikia barua kila mmoja. Mwaka 2003 familia ilihamia Sharpstown, Houston, Loice alipopata kazi katika hospitali mpya, na Patroba akafundisha takwimu chuoni huku akiendelea na ripoti zake.

Februari 2008 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa kwa miezi tisa, akafariki Jumanne tarehe 11 Novemba 2008 saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa Loice.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kama ndugu yao, majirani wa Sharpstown waliowalisha watoto wetu, walimu wenzake waliomshikia madarasa, Godefroid aliyeendesha gari kutoka Euless kila Jumamosi, na kanisa letu la hapa Alief, Houston. Siku moja kabla ya kutuacha alimwomba Cherotich aandike majina ya wote waliofika kumwona, wakafika mia moja na kumi na saba, akatabasamu, akasema, “Ni wengi kuliko nilivyokadiria.”

Baba Cherotich, tumekupenda sote, sasa pumzika kwa amani ya Mungu wako.