Ildefons Rutaihwa na Kikaratasi Kilichobaki Cheupe

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bwana Ildefons Rutaihwa anavua koti jeupe la maabara yetu ya Nyanga, Bukoba, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi. Koti libaki, ni mali ya ofisi, na amelichakaza vya kutosha.

Kazi yake ilikuwa kulaza vimeng'enya kwenye mafuta. Wasomi mtanisamehe, mimi mlinzi naeleza nilivyoelewa nikiwa getini. Kimeng'enya ukikiacha majini kinaharibika upesi. Rutaihwa alikishika ndani ya utando wa mafuta, mwembamba kuliko ule wa juu ya maziwa ya moto, akaupaka kwenye kikaratasi. Ukidondoshea maji safi, kimeng'enya kinafanya kazi na kikaratasi kinageuka bluu. Pakiwa na dawa ya wadudu, kimeng'enya kinakufa, kikaratasi kinabaki cheupe.

Vikaratasi hivyo alitembea navyo mfukoni kama rozari. Alipima mboga za sokoni, maji ya visima, hata chai ya mkurugenzi, ambaye hakucheka.

Ikaja ile Jumapili ya Nshamba, Muleba, kwa baba mkwe wake, Mzee Karugendo. Wageni wakaletewa akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Kumbe ilichemshwa kwa maji ya dumu lililowahi kubeba dawa ya wadudu wa mibuni. Rutaihwa, kwa tabia yake ile ile, akalowesha punje moja na kuigusisha kikaratasi.

"Mkwe, unapima kahawa yangu mbele ya wageni?" Mzee akafoka. Kisha akakinyakua kikaratasi, akakitazama, akacheka. "Cheupe! Safi kama kanzu ya padri. Tafuneni, waitu!"

Kwetu mkwe hambishii baba mkwe mbele ya watu. Rutaihwa akasema, "Tusubiri kidogo, tata," kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Wageni wakasita, lakini Mzee alishajaza shavu. Jioni ile alitokwa jasho na mate, akafia njiani kuelekea hospitali.

Baada ya matanga Rutaihwa alirudi kazini, na hakutania mtu tena. Alihangaika na rangi mpaka akapata utando unaobaki mwekundu penye sumu, na kugeuka manjano pasipo na sumu. Ndio huo wanaotumia wakulima wetu leo. Nyekundu hata mzee mbishi anaielewa.

Sasa anarudi kwenye kibanja chake Nshamba, kinachopakana na cha marehemu. Mkewe Ephrasia ameshafunga mizigo. Shemeji yake Mugisha, mwana wa marehemu, ambaye hajamsamehe ile sauti ya chini, ametuma neno: "Aje alime ndizi zake. Ila miti ya mpaka, ile milamula, asiivuke."

Rutaihwa, asante. Wastaafu wengine tunawaombea pensheni na wajukuu. Wewe tunakuombea maisha mema na sauti moja tu ya kukuita kutoka ng'ambo ya milamula. Isipokuja, basi wewe palilia upande wako, karibu na mpaka, kila siku, ili Mugisha akibadili nia asipate shida ya kukutafuta.