Mzee Malimi, Puto Letu na Watu wa Sayari ya Mbali

Tarehe 30 Juni 1998 Bwana Malimi Nkwabi anastaafu, baada ya kukitumikia kituo chetu cha hali ya hewa hapa Mwanza kwa miaka thelathini na mmoja.

Alianza mwaka 1967 kwa kusoma vipimo vya mvua, akapanda hadi mpimaji mkuu. Amefundisha wapimaji kumi na wanne, nikiwemo mimi, ambaye hadi leo nashika kipimajoto kama mwiko wa uji.

Tuliokunywa naye chai tunalijua somo lake la pili. Mzee anaamini nyota ni nyingi mno kwa Dunia kuwa peke yake. Mwaka 1995, redio ilipotangaza kwamba imegunduliwa sayari inayozunguka nyota ya aina ya Jua letu, alitununulia karanga sote, kisha akatuonya kuwa ile ni tanuri, tusifunge mizigo. Ila watu kama sisi huko alikataa katakata. "Ziwa hili moja limetoa samaki furu wa mamia ya sura," alisema akinitazama tumboni. "Sasa sayari ya mbali irudie kitambi hicho hicho kwa sababu gani?" Tulicheka, tukarudi kazini. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza swali hata moja.

Mwaka 1996 ikaja nafasi yake ya kusikilizwa. Jioni moja nilirusha puto la kupimia upepo, lenye kijitaa chini yake, nisiliandike daftarini wala kumwarifu mtu. Upepo ukalipeleka ng'ambo, Sengerema. Kesho yake watu walivuka kwa pantoni mpaka langoni kwetu, na mwandishi wa gazeti nyuma yao. Mbele alikuwa Mama Odeta, muuza dagaa wa Busisi aliyewahi kusikia habari za nyota za Mzee, akamwita kwa Kisukuma: "Ngosha, wageni wako wamefika jana! Wawili, wana vichwa kama vya kwetu!"

Angesema tu "inawezekana", Mzee angesikilizwa nchi nzima. Badala yake aliuliza saa, akauliza upande walikoiona taa. Akanigeukia, mimi nilikuwa nachunguza viatu vyangu.

"Lile ni puto letu," akasema. "Na taa ni yetu. Hatukuliandika, mtusamehe." Jina hakutaja, na kipindi kile cha kupunguza wafanyakazi jina lingetosha kunipotezea kazi.

Mwandishi wa gazeti alifunga kijitabu chake, watu wakatawanyika wakinung'unika. Mama Odeta peke yake alibaki. "Sasa hao wa mbali, kama hawafanani na sisi, watakuwaje?" Mzee akamletea kiti.

Siku ile kipimo cha saa sita kilichelewa dakika ishirini, mara moja tu katika utumishi wake wote. Kwenye safu ya sababu aliandika: "Nilipata msikilizaji."

Ahsante, Mzee Malimi, kwa kazi yako na kwa ukweli wako. Wewe na mama nyumbani tunawaombea afya njema, mvua za wakati wake, na watu wengi wa kukuuliza maswali.