Bi Dulcie Trembath na Mtoto Aliyesafiri kwa Jina la Marehemu

Nawaomba radhi wasomaji. Jarida hili halikutoka kwa miezi minane, na kosa ni langu mimi mhariri. Habari hii ilinishinda kuiandika.

Bi Dulcie Trembath anastaafu tarehe 28 Juni 2024, baada ya kutumikia Chumba cha Kumbukumbu cha Carrow Creek kwa miaka arobaini na mmoja. Alianza akipanga majalada chini ya paa linalovuja; anaondoka akiwa mtunzaji mkuu, na paa halivuji. Kalamu ya wino haikuvuka mlango wake. Hakimu mmoja aliyejaribu alinyang'anywa yake, akapewa penseli iliyotafunwa. Kila Ijumaa alikula pai yake ya nyama na viazi barazani, hata mvua inyeshe, asije akatia mafuta daftari za wachimba shaba waliohamia hapa kwa meli kutoka Cornwall.

Sifa zake zilienea mwaka 1988, alipofuatilia ukoo wa Thirza Rodda, mtoto wa miaka saba aliyeshuka melini mwaka 1848 pamoja na wazazi na ndugu watatu. Alipata hata tarehe ya ubatizo. Kitukuu wa Thirza, Bi Elva Nankivell, alichongesha jiwe jipya la kaburi lenye jina na tarehe hiyo. Sote tulipiga makofi.

Mwaka 1999 zilitufikia filamu zenye picha za kurasa za vitabu vya maziko vya parokia ya Cornwall alikobatizwa. Thirza Rodda alizikwa siku kumi na tisa kabla ya meli kung'oa nanga. Safari ya bure ya wahamiaji ilikuwa imekwisha kuidhinishwa kwa watoto wanne, kwa majina yao. Wazazi wale walimchukua mtoto mwingine, wakampa jina la marehemu.

Bi Dulcie alitaka kwenda kwa Bi Elva siku hiyohiyo. Mimi, nikiwa mwenyekiti wa kamati inayosimamia Chumba, nilimkataza: asiseme lolote mpaka apate jina la kweli la mtoto yule. Alitii. Alitafuta miaka ishirini na mitano, likizo zake zote zikiwemo. Alichopata ni yatima mmoja wa nyumba ya jirani, Jenifer Oates, ambaye baada ya juma meli ilipoondoka hatajwi tena popote. Ushahidi mwingine hakuna.

Mwezi uliopita nililiondoa katazo langu. Alimweleza Bi Elva yote, chai ikipoa mezani.

"Dulcie, miaka yote hii unakunywa chai yangu, na unajua?" alisema Bi Elva, ambaye sasa ana miaka tisini. Kisha akaongeza: "Si ungemuuliza dada yangu mkubwa, Melva? Yeye alimwahi yule bibi kizee akiwa hai. Alikuwa akimcheka, ati haitiki mpaka aitwe jina lake mara mbili. Sisi tukadhani ni kiziwi."

Melva alifariki mwaka 2003, akili zake timamu. Kwa miaka minne ya utafutaji ule aliishi mtaa wa pili kutoka ofisini kwetu, na hatukumuuliza.

Bi Dulcie, kosa hilo si lako, nami naliandika hapa lisije likawekwa katika jalada lako. Tunakushukuru kwa uaminifu wako, hata pale tusipoustahili. Upumzike kwa afya na amani, na pai uilie ndani ya nyumba.

Bi Elva bado hajaamua kama jiwe lichongwe jina la Jenifer, libaki na la Thirza, au lifutwe majina yote. Akiamua, Bi Dulcie, nitakuandikia siku hiyohiyo.