Kelele Niliyoimeza Relini

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa kanisani na mliotoka kuswali, nawasalimu wote. Mwenyekiti wa kikundi chetu amesema nisitaje jina la mtu, na sitataja. Msianze kugeuza shingo kumtafuta.

Mnajua pale barabara inapokata reli, upande wa kutokea Itigi. Kwenye kibao wameandika KIVUKO CHA RELI, na chini yake: simama, tazama, sikiliza. Geti hakuna, kuna matuta tu. Basi likisimama, sisi tunakimbilia madirishani na chupa za asali. Na kwa kuwa hakuna geti, wauzaji tuna desturi yetu: atakayeiona treni kwanza anapiga kelele, "Treni hiyooo!", mpaka wote watoke. Hata kama mmegombana asubuhi, unapiga.

Mimi ndiye niliyemleta mwenzangu pale. Alikuwa hana pa kushika, nikamwonyesha pa kukaa, nikamfundisha hata kuchuja asali. Ndugu zangu, nawaambia, mwaka haukuisha akawa ananipita. Abiria wananichungulia mimi halafu wanauliza, "Yule dada mwenye kilemba cha njano yuko wapi?" Mimi hapa nimeshika chupa! Asali yetu inatoka mizinga ya mzee mmoja. Mniambie, yake ilikuwa na nini? Nilimwonea wivu mpaka chakula kikawa hakipiti. Nilichukia kicheko chake. Nilikichukia kilemba, na kilemba chenyewe nilimpa mimi. Ndiyo, chekeni, nilikuwa na roho ya korosho.

Sasa siku hiyo mchana upepo ulikuwa mkali, vumbi tupu. Mwenzangu alikuwa anavuka reli na dumu la asali kumfuata mteja. Kifuniko kikachomoka, asali ikamwagika kwenye mataruma. Akainama katikati ya reli kuiokoa, khanga imemfunika masikio. Nikainua macho, nikaona treni ya mizigo inatoka kwenye kona.

Niliiona kwanza mimi. Wengine walikuwa upande wa pili wa basi.

Nikanyamaza. Nikasema moyoni, si ana macho? Mnasikia lakini? Sikupotewa na sauti. Sauti ilikuwepo, nikaimeza.

Dereva wa basi ndiye aliyepiga honi bila kuachia. Mwenzangu akaruka, akaangukia kokoto, goti likachanika. Dumu likasagwa. Na mimi huyo, wa kwanza kumkumbatia: "Pole, mdogo wangu, Mungu mkubwa!"

Kuanzia hapo sikuweza kwenda kivukoni. Nikisikia honi, hata ya pikipiki, naingia ndani nafunga mlango. Nililala ndani wiki tatu, watu wakasema ni malaria. Anayeniletea uji ni nani? Yeye, anachechemea. Akaniambia, "Dada, mahali pako nimeweka jiwe. Hakuna anayekaa."

Hilo jiwe ndilo lililonishinda. Nikakaa kitandani nikamwambia yote: niliiona, nikanyamaza, kwa sababu ya wivu.

Akaweka kikombe chini. Akasema, "Nilijua. Nilipoinuka ulikuwa unanitazama." Kisha akakichukua tena kikombe, akakoroga uji mpaka ukapoa. "Sijui kama nimekusamehe, dada. Ila kesho njoo kazini."

Nikaenda. Jiwe lilikuwepo. Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu karibu na reli, kichwa kimejaa aibu, sisikii kitu. Ghafla nasikia, "Treni hiyooo! Dada, toka! Toka!" Ni yeye. Alikuwa na mteja mkononi, akamwacha, akaja akanivuta mkono. Treni ilipopita nililia mbele za watu, asali zikiuzwa na wengine.

Namshukuru dereva yule, simjui jina. Nawashukuru akina mama mlionisikiliza nilipoungama hapa mara ya kwanza na hamkunifukuza. Na namshukuru yeye, popote alipokaa.

Msidhani wivu umeisha. Juzi tu abiria kanipita tena kumfuata yeye, na roho iliniuma vilevile. Kile kibao kinasema simama, tazama, sikiliza. Mimi siku ile nilisimama, nikatazama, na nilisikia. Hakisemi mwambie mwenzako, hilo tumeachiwa sisi. Kwa hiyo roho yangu iume inavyotaka. Juzi hiyohiyo treni ilipotokea kwenye kona, niliyepiga kelele kwanza ni mimi, na sauti haijanirudi mpaka leo, mnanisikia wenyewe nilivyokauka.