Xaveria Mukantabana, Mpiga Picha wa Kayanga

Dada yetu Xaveria Mukantabana, tuliyekuja leo kumsindikiza hapa Ihanda, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 kijijini Kamuli, Wilaya ya Karagwe. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Theoneste Hategekimana na Mama Anonciata. Wazazi wetu walitoka Rwanda kuja kuchuma kahawa katika mashamba ya watu, na mwaka aliozaliwa Xaveria ndipo baba alipopata kibanja chake mwenyewe. Migomba ya kwanza mama aliipanda akiwa amembeba mgongoni.

Alisoma shule ya msingi hapo Kamuli kuanzia mwaka 1966 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1972. Baadaye alijifunza ushonaji kwa masista, na mwanzoni mwa 1978 baba alimpeleka Bukoba kwa shangazi yetu ili apate kazi ya cherehani. Cherehani ile haikudumu. Mlango wa pili kulikuwa na studio ya Mzee Rwegasira, na shangazi alichoka kumwita Xaveria arudi kazini kila alipotoka kwenda kuangalia picha zilizoanikwa kwenye kamba. Mwishowe Mzee Rwegasira alimwomba rasmi kwa shangazi awe mwanafunzi wake. Akamfundisha kushika kamera, kusafisha mikanda, na kukaa kwenye chumba cha giza bila kuogopa.

Vita vilipofika Kagera mwishoni mwa mwaka ule, studio ilifungwa na Xaveria akarudi Kamuli. Ilipofunguliwa tena, vijana waliokuwa wakienda vitani walijaa mlangoni, kila mmoja akitaka picha ya kumwachia mama yake. Dada alituambia baadaye kwamba ni wakati huo alipojua anaipenda kazi hii. Baadhi ya akina mama wale, vijana wao hawakurudi, lakini picha walikuwa nayo.

Mwaka 1981 aliajiriwa kupiga picha katika ofisi moja ya serikali hapo Bukoba. Alipewa mshahara, chumba na kamera nzuri kuliko zote alizowahi kushika. Baba alifurahi mno, akachinja mbuzi. Lakini mwaka 1983 Xaveria aliacha kazi hiyo, akaja nyumbani na sanduku lake. Baba alimwuliza kosa lake ni nini.

"Sina kosa, baba, na mshahara ni mzuri," akamjibu. "Lakini picha ninazopiga zinaingia kabatini. Tangu nimeanza, hakuna aliyeniambia, hebu nione."

"Kwa hiyo kazi nzuri kwako ni ipi?"

"Ile ambayo mtu anaishika picha yake mkononi, anacheka."

"Na wewe utakula hicho kicheko?"

Baba hakusema naye vizuri kwa muda mrefu baada ya hapo. Xaveria alifungua studio yake Kayanga, karibu na soko, mwezi wa Agosti 1983. Ilikuwa chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maua na benchi la wateja. Siku za gulio baba alianza kupita, kwanza akisema anakwepa jua, halafu bila kusema lolote. Alikaa kwenye benchi lile akiangalia watu wanavyopokea picha zao. Hakuwahi kumwambia mwanawe kwamba yeye baba ndiye aliyekuwa amekosea. Ila mpaka alipofariki mwaka 1990, kila aliyemkuta njiani alimwelekeza studio ilipo, hata yule ambaye hakuwa ameuliza.

Jumapili dada aliendesha baiskeli kwenda vijijini kupiga picha za ubatizo na harusi. Wengi hapa mnakumbuka picha ya Mzee Ndyamukama wa hapa Ihanda, aliyetaka kupigwa picha akiwa na ng'ombe wake, na ng'ombe aonekane mzima kuanzia pembe hadi mkia. Xaveria alimweleza kwamba basi yeye mwenyewe atatoka nusu. Mzee akasema hakuna shida, yeye watu wanamjua. Picha ile ipo ukutani kwake mpaka leo, ng'ombe mzima na nusu ya mzee, na haoni kasoro yoyote.

Fremu za picha alitengenezewa na seremala wa jirani, Anastazi Mutalemwa. Fremu zilizidi picha, na watu wakaanza kuelewa. Walifunga ndoa takatifu tarehe 7 Septemba 1985, wakajaliwa Yustus, Kemilembe na Theoneste. Shemeji yetu hakuwahi kumzuia mkewe kusafiri na kamera, ingawa maneno ya majirani aliyasikia. Tunamshukuru kwa hilo mbele yenu wote.

Mwaka 1994, wakimbizi walipoingia Karagwe, mwandishi mmoja wa kigeni alimchukua Xaveria kwa sababu alijua kupiga picha na alijua Kinyarwanda. Malipo yalikuwa makubwa. Alikwenda siku chache tu. Alimweleza mumewe kwamba watu wanaoumwa walimwuliza wataziona lini picha zao, naye alijua picha hizo zinakwenda ng'ambo. Muda mfupi baadaye shirika moja la misaada lilitafuta mtu wa kupiga picha watoto waliopotezana na wazazi, ili picha zibandikwe kwenye mbao katika kambi zote, wenye watoto wawatambue. Kazi hiyo aliikubali siku hiyo hiyo. Aliifanya hadi mwisho wa mwaka 1996, na kila mtoto alipotambuliwa, dada alirudi nyumbani akituhadithia kama ni wa kwanza.

Mwezi wa Novemba 1994 aliletewa mtoto wa kike wa miaka kama minne, asiyesema neno wala kuinua uso. Hakuna aliyejua jina lake. Picha ya utosi haiwezi kumsaidia mtu, kwa hiyo Xaveria aliketi chini, akampa kikopo cha mkanda akifungue na kukifunga, akawa anaongea naye taratibu kuhusu kuku na mbuzi. Baada ya muda mrefu mtoto aliinua macho, na picha ikapatikana. Shirika lilikuwa linatafuta familia za kuwalea watoto wa aina hiyo, na shemeji Anastazi hakuombwa mara mbili. Wakamwita Costansia. Alilala kitanda kimoja na Kemilembe, akaanza kusema, kwa Kinyambo kabla ya Kiswahili, na akamwita Xaveria mama.

Mwezi wa Julai 1996 taarifa ilifika studio. Mwanamke mmoja, katika kambi nyingine, alisimama mbele ya ubao wa picha, akamwonyesha Costansia na kutaja jina lake la kuzaliwa: Kantengwa. Mwanamke huyo alikuwa dada wa baba yake mtoto. Xaveria alifunga duka mchana ule, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya, akarudi nyumbani. Shemeji, ambaye alikuwa amempenda sana yule mtoto, alisema labda waombe abaki kidogo, angalau mpaka mavuno ya kahawa yaishe.

"Baba Yustus," akamjibu, "ile picha niliipiga ili aonekane. Sasa ameonekana."

Alimpeleka mwenyewe. Mtoto aling'ang'ania kitenge chake, asitake kwenda kwa mtu asiyemkumbuka. Xaveria hakuondoka. Alikaa na yule shangazi kutwa nzima, wakapika pamoja, wakala pamoja, mpaka mtoto alipokubali kupakatwa. Aliporudi nyumbani alilia, na sisi tulilia naye. Jumatatu alifungua studio.

Mwanzoni mwa mwaka huu alianza kuumwa. Alitibiwa Hospitali ya Nyakahanga, kisha Bugando, Mwanza, ambako iligundulika kuwa ni saratani ya shingo ya kizazi. Tunawashukuru waganga na wauguzi waliompokea kwa upole, na majirani wa Kayanga na Ihanda waliolima, waliopika na waliolala naye hospitalini. Mwezi uliopita Kantengwa aliletwa na shangazi yake kutoka Kibungo, kule Rwanda, kumwona. Dada alikuwa hana nguvu ya kukaa, lakini alicheka. Alituambia sisi wadogo zake kwamba amefanya kazi aliyoitaka, na kwamba tusimhurumie. Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Alhamisi, tarehe 12 Novemba 1998, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, Anastazi Mutalemwa. Mama mzazi, Anonciata. Na sisi wadogo zake, Polikarpi ninayesoma maneno haya, na Rosalia. Tulipokuwa tukiandika haya na kufika kwenye watoto, tuliulizana tuandike watatu au wanne. Mama ndiye aliyesema, "Andikeni wanne."

Ameacha watoto wanne: Yustus, Kemilembe, Theoneste na Kantengwa.

Ee Mungu, tunakushukuru kwa miaka uliyotupa pamoja naye. Mpokee dada yetu, umpe pumziko jema.